Sura ya Masanja Kwenye Ungo

Juzi jirani yangu hapa Kahama alileta fundi wa kupaka chokaa ukuta wa uani kwake. Nilikuwa nimekaa kibarazani nachambua mchele, mara harufu ikanifikia: chokaa iliyomwagiwa maji, harufu kali kidogo na ya baridi, kama mvua inapoangukia jivu. Mkono wangu ukasimama juu ya sinia. Sijui wewe unayesoma una harufu gani inayokusimamisha namna hiyo. Yangu ni hiyo, na kila inaponijia hunirudisha kwenye uwanja wa shule ya msingi ya kijijini kwetu, ng'ambo ya Samuye, siku ambayo ngoma zilinyamaza mchana kweupe.

Kwetu kipupwe ndicho kilichokuwa kipindi cha furaha. Mpunga umeshaingia ndani, pamba imeshatoka shambani, ng'ombe wameachiwa wazurure wakila mabua ya mtama. Asubuhi baridi inakunja vidole, mchana jua na vumbi, na hewa yote inanuka moshi wa mabua. Hapo ndipo vikundi vya ngoma vilipoanza kutembeleana. Kila mwaka vikundi viwili vilishindana pale shuleni, kimoja upande huu wa uwanja, kingine upande ule, na watu wakawa wanakimbia huku na huku kufuata utamu. Kikundi kilichovuta umati mkubwa ndicho kilichoshinda. Kila mwaka alialikwa mgeni rasmi, na kila mwaka mgeni rasmi alichelewa mpaka wachezaji wakachoka, kisha akasimama kutusomea hotuba ndefu juu ya umuhimu wa kutunza muda.

Kaka yangu Masanja alicheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Alikuwa anarusha jembe juu, linazunguka likimetameta, yeye anageuka, anapiga mguu chini vumbi linatimka, halafu anainua mkono bila kutazama na jembe linarudi kiganjani kama limeitwa. Akishalidaka aliinua bega la kushoto kidogo na kucheka, mwanya wake wa mbele ukaonekana mpaka kwa waliokaa nyuma. Juu ya jicho alikuwa na kovu la pembe ya ndama. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzaliwa, mimi Kabula wa mwisho, na kwa sababu yake wazazi wetu hawakuitwa majina yao na mtu yeyote kijijini. Waliitwa Baba Masanja na Mama Masanja. Mimi nilimwita mama Mayu, kama tunavyowaita mama zetu Wasukuma.

Mwaka mmoja, mavuno yalipokwisha, Masanja aliondoka na vijana wenzake kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Hakukuwa na ugomvi. Vijana wote walikuwa wanakwenda, wanarudi na redio na viatu vyeupe, na yeye alitaka kuona. Alimwambia Mayu, "Mavuno yajayo nitakuwa hapa. Nani atacheza kama sipo?" Mavuno yakaja, wakacheza wengine. Salamu zake tulizipata kwa dereva mmoja wa lori la mpunga, kisha zikakatika.

Baada ya hapo Baba alisafiri. Alituaga kwamba anakwenda Kahama kutazama ng'ombe. Alikawia kuliko tulivyozoea na akarudi bila ng'ombe, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu ambao si wa kwetu, maana kwetu udongo ni mweusi unaong'ang'ania mguu. Aliomba maji, akanawa miguu polepole, akasema bei haikupatana. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akilitaja jina la kaka yangu. Mgeni akija, Mayu alikuwa akimwambia, "Masanja yuko Geita, atarudi mavuno," na Baba aliinuka kwenda kutazama zizi, hata kama ng'ombe walikuwa machungani na zizi tupu. Nilidhani amemkasirikia Masanja kwa kutusahau. Nilikuwa mtoto, na kwa mtoto mtu mzima aliyenyamaza ni mtu aliyekasirika.

Mayu naye alikuwa na jambo lake. Zamani, kila kipupwe, alikuwa anapamba kuta za nyumba yetu kwa chokaa, udongo mwekundu wa kununua mnadani na masizi: nyoka waliojikunja, nyota, ng'ombe wenye pembe ndefu, watu wanacheza. Watu waliokuwa wanapita kwenda mnadani walisimama kutazama. Tangu Masanja aondoke hakugusa ukuta. Mvua zikaosha michoro yote mpaka nyumba yetu ikafanana na nyumba za watu wengine. Lakini kila siku alipopakua ugali alitenga tonge moja pembeni ya chungu na kulifunika. Asubuhi tonge hilo walipewa kuku.

Nilipokuwa darasa la tatu, Mwalimu Tabitha, aliyekuwa amehamia kwetu kutoka Bukoba, alisema mwaka huo pamoja na ngoma kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono. Madarasa mawili yatafunguliwa, na kila nyumba ilete kitu chake. Kijiji kizima kilishikwa na homa ya maonyesho. Mzee mmoja alitaka kuleta jogoo wake, na alipoambiwa jogoo si kazi ya mikono akauliza ni nani basi aliyemlea.

Mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani kwetu.

"Mama Masanja," alisema, "nasikia wewe ndiye mchoraji wa hapa."

Mayu hakukimudu sana Kiswahili, alikisema kwa vipande, lakini siku hiyo alimjibu mara moja. "Mimi nachora kuta, mwalimu. Sasa ukuta nitaubeba kichwani?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. "Tafuta kitu unachoweza kukibeba. Hata kidogo."

Mayu alifikiri siku kadhaa. Kisha akatoa ungo wake mkubwa, ule wa kupepetea mtama, akaukandika udongo laini uliochanganywa na jivu, akauanika kivulini. Ulipokauka akaupaka chokaa mpaka ukawa mweupe kama mwezi. Mimi nilikaa karibu yake kila nikitoka shule. Alichorea kijiti alichokitafuna ncha, na hakuchora kwa haraka. Kwanza mguu mmoja umeinuliwa. Kisha jembe liko hewani. Kisha bega la kushoto, limepanda kidogo. Alipofika usoni aliacha kazi, akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji, akarudi. Alipoweka mwanya kwenye meno na kovu juu ya jicho, nilipiga kelele, "Mayu! Ni Masanja!"

"Ndiye," alisema. "Nilitaka nimwone."

Hatukuwa na picha yake hata moja. Nilikuwa nimeanza kuusahau uso wake na sikuwa nimemwambia mtu. Pale kwenye ungo nilimpata tena, akicheka.

Baba alirudi toka machungani akatukuta. Alisimama nyuma yetu muda mrefu akiwa ameegemea fimbo. Nilimtazama nikitegemea atasema vizuri, maana hata yeye alikuwa anajivunia kuta za Mayu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayebanwa na mzigo mgongoni.

"Huyu unataka kumpeleka mbele za watu?" aliuliza.

"Ni watu wake," Mayu alijibu. "Ndio waliokuwa wanamshangilia."

"Mtu anayengojewa hachorwi, Mama Masanja."

Mayu alikiweka kijiti chini. "Kwa hiyo wewe bado unamngojea?"

Baba aliikamata fimbo yake. Aligeuka akaelekea zizini, na safari hii ng'ombe walikuwemo.

Siku ya maonyesho Mayu aliubeba ungo kichwani, uso wa Masanja umetazama juu mawinguni, na mimi nikatembea mbele yake nikiwafukuza mbuzi njiani. Darasani Mwalimu Tabitha alikuwa ameshapanga kila kitu juu ya madawati. Kulikuwa na vyungu, vikapu vya ukindu, vibuyu vilivyotobolewa maua, vigoda, mikeka, mwiko mrefu kuliko mimi, na boga kubwa lisilokuwa kazi ya mikono hata kidogo ila aliyelileta alikuwa mkubwa wa kitongoji. Ungo wetu uliwekwa ukutani, chini ya ubao. Wanakijiji walioingia walimtambua Masanja papo hapo. Walicheka, wakaitana, "Njooni mwone, Masanja amerudi na jembe lake!" Mayu alisimama pembeni na khanga yake mpya, akipokea pongezi kwa kuinamisha kichwa. Ilikuwa siku yake. Nje ngoma zilikuwa zinaunguruma pande zote mbili, na njuga za wachezaji zilisikika mpaka ndani.

Mchana wakaingia wachimbaji watatu. Walikuwa wanapita na gari kwenda Mwadui, wakasikia ngoma, wakashuka. Tuliwajua wachimbaji kwa sauti zao kubwa na kwa kucha zao, ambazo udongo hautoki kwa sabuni yoyote. Walilizunguka boga, wakatania, wakacheka. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye kofia ya kitambaa, akageukia ubao ili aende kwenye vibuyu, na akasimama hapo. Kicheko kilimkatikia mdomoni. Aliuangalia ungo, akasogea, akaangalia tena. Kisha akavua kofia.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "huyu ni mtoto wa nani?"

Mwalimu Tabitha alimwonyesha Mayu kwa furaha, akidhani amepata mtu anayeijua sanaa. Kijana alimwendea, akachuchumaa kabisa mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi naitwa Hamisi, mtu wa Kigoma. Huyu sisi tulimwita Majembe. Alikuwa anarusha sepetu juu hivyo hivyo, halafu anainua bega. Tulifanya kazi duara moja." Duara ni shimo wanaloingia wachimbaji kufuata mwamba wenye dhahabu. Mayu hakulijua neno hilo, lakini hakuuliza maana yake.

"Yuko wapi?" alimwuliza.

Hamisi aliwatazama wenzake. Wenzake wakatazama chini. Watu waliokuwa darasani wakaanza kunyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Mama," alisema, "ina maana hamkupata habari? Mbona mzee alikuja? Tulimpeleka sisi wenyewe mpaka pale." Akainua macho kumtafuta mtu wa kumsaidia, na macho yake yakaenda mlangoni. "Si huyu hapa? Shikamoo mzee."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye nilisikia kwamba tangu asubuhi alikuwa nyuma ya darasa, karibu na dirisha, anaingia na kughairi. Hakuitikia ile shikamoo. Alikuwa anamtazama Mayu.

Mayu aligeuka taratibu. Akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ile ile ya kuulizia kama ng'ombe wamekunywa maji, "Baba Masanja. Ulifika?"

"Nilifika."

"Ukaona?"

"Niliona udongo."

Hamisi alieleza yaliyobaki akiwa bado amechuchumaa. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Ile miti inayozuia kuta za duara, wanayoiita matimba, ililegea. Masanja na wenzake walikuwa chini. Waliokuwa juu walichimba mpaka mikono ikachubuka, lakini kuta nyingine zilianza kusogea, na wakubwa wa pale wakawakataza kuendelea. "Tulimwombea dua pale pale, mama," alisema. "Wakristo na Waislamu. Hatukumwacha hivi hivi."

Nilingoja Mayu apige yowe, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya msiba ukiingia. Hakupiga. Alivua khanga yake mpya mabegani, akaitandika sakafuni chini ya ubao, akakaa na kunyoosha miguu. Kisha akapapasa sakafu kando yake.

"Njoo ukae," alimwambia Baba. "Umesimama sana."

Baba yangu hakuwa mtu wa kukaa chini pamoja na wanawake. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla ya siku ile. Alitembea katikati ya madawati, akiyagusa kama mtu anayevuka mto na kushika vichaka, akafika, akakaa. Akaweka mikono usoni. Sauti iliyomtoka sikuijua. Ndipo Mayu naye alipolia, na wanawake wote darasani wakaitikia, na mimi nikaenda kujiingiza katikati yao kwa sababu sikuona mahali pengine pa kwenda.

Mwalimu Tabitha alikimbia uwanjani. Nilisikia ngoma za upande mmoja zikikatika, halafu za upande wa pili. Ule ukimya ulikuwa mzito kuliko kelele zote za mwaka ule. Wachezaji wa kikundi cha Masanja wakaja, na wale wapinzani wao wakaja. Walikaa chini kwenye vumbi nje ya mlango wakafungua njuga miguuni, kila mtu zake, ili zisilie tukiwa njiani. Wakatusindikiza nyumbani hivyo, kundi zima la vijana waliovalia ngozi na shanga, wanatembea bila mlio. Tulipofika barabarani tukakutana na gari la mgeni rasmi, linawasili kama kawaida yake. Alishuka, akauliza, akaelezwa. Ile karatasi ya hotuba aliiingiza mfukoni na akatufuata kwa miguu mpaka kwetu, na mwaka huo hakusema neno isipokuwa pole.

Tukakaa matanga. Kwa kuwa hakukuwa na mwili, wazee walikubaliana lichimbwe kaburi dogo nyuma ya nyumba, ikalazwa humo nguo yake ya ngoma. Hamisi na wenzake hawakwenda Mwadui. Walibaki wakachimba lile kaburi wao wenyewe, na kuta zake walizichonga zikanyooka vizuri, mpaka mzee mmoja akawaambia inatosha. Tangu siku ya kwanza ya matanga Mayu hakutenga tena tonge. Ungo ulikaa ndani miaka kadhaa, udongo wake ukapasuka na kudondoka vipande vipande, na Mayu hakuukandika tena.

Kwa muda mrefu, nikiwa msichana, nilimlaumu Baba kimoyomoyo. Niliona ametudanganya, amemwacha mke wake aone haya mbele ya kijiji kizima. Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza Mayu kama hakumkasirikia. Alifikiri kwanza.

"Nilijua amebeba kitu," alisema. "Aliporudi na ule udongo mwekundu nilijua. Ila sikuwa na nguvu ya kumuuliza, na yeye hakuwa na nguvu ya kusema. Nilipochora nilisema, basi, mmoja wetu aanze."

Kumbe walikuwa wawili wanaongojana.

Lakini Baba sikumwelewa mpaka alipokuwa mzee, alipokuja kukaa kwangu hapa Kahama kwa ajili ya matibabu. Alasiri moja nilikuwa namkata kucha za miguu. Mwanangu wa kwanza alikuwa anacheza uani, anapiga kelele, na Baba alikuwa anamfuata kwa macho. Akaanza kusema bila mimi kumuuliza.

Alisema siku ile walipomfikisha kwenye duara hakuna aliyekuwa na la kumwambia, wakamwacha peke yake. Akakaa juu ya kile kifusi. Hakujua mtu afanye nini mahali kama pale. Kwa hiyo akampa mwanawe habari za nyumbani. Akamwambia ng'ombe yule mwenye baka amezaa jike. Akamwambia mpunga haukuwa mbaya. Akamwambia kwamba mama yake yuko salama na mdogo wake Kabula ameanza shule na tayari anajua kuandika jina lake. Alimaliza habari zote, akaona hana nyingine, akaanza tena mwanzo.

"Halafu nikaja nyumbani," alisema. "Nilikuwa nimejipanga njia nzima jinsi ya kumwambia mama yako. Nikamkuta uani na mgeni. Akawa anamwambia mgeni, 'Masanja atarudi mavuno.' Ungemsikia alivyokuwa analisema, Kabula. Nikaomba maji, nikanawa miguu."

 Nilikuwa nimeushika mguu wake mapajani mwangu, mkavu na mwepesi.

"Mimi mtoto wangu alikuwa amekufa," alisema, "na nilikuwa naishi na mwanamke ambaye mtoto wake alikuwa hai. Niliona vibaya kumnyang'anya. Nikasema, acha akae naye msimu mmoja. Ukaja msimu mwingine."

Uani mwanangu alianguka, akainuka, akatazama upande wetu aone kama ni jambo la kulilia. Baba akamwitikia kwa kichwa kwamba si kitu, na mtoto akaendelea kukimbia.